Nafasi Kwenye Friza

Maneno yenyewe niliyasema nikiwa na tonge mkononi. Nilikuwa nimekuja Amu, yaani Lamu kwetu, kwa Idi, nimekaa chini kwenye mkeka wa mamangu nakula wali na samaki wa kupaka, naye akaniuliza jambo ambalo miaka yote ya kazi yangu hakuwahi kuniuliza: huko Nairobi nafanya nini hasa? Mtu mwenye adabu angemeza tonge kwanza. Lakini mimi nikiulizwa habari zangu ulimi hunitangulia, na siku ile ulinitangulia mbali.

Mimi ni fundi wa maabara. Si daktari, ingawa mtaani kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na mamangu hakuwa na haraka ya kuwasahihisha watu. Nikamweleza kwamba tuna protini moja ambayo ni ya binadamu lakini haikutoka kwa binadamu. Wataalamu wamechukua maelekezo yake kutoka mwilini mwa mtu, wakayatia ndani ya bakteria, na bakteria wale, viumbe vya Mungu visivyojua lolote, wakakaa wakaitengeneza. Kisha husafishwa, hukaushwa, huletwa kwetu kutoka ng'ambo kwenye sanduku lenye barafu kavu inayofuka moshi. Ukifungua chupa unaapa kwamba umeibiwa, maana hakuna kitu. Mpaka uiinamishe kwenye taa ndipo uone vumbi jeupe kule chini, ukipiga chafya limekwenda.

"Na hilo vumbi lafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia kazi yake ni kupeleka ujumbe. Linafika kwenye seli, linashika mlango wa nje, na ujumbe wake ni mmoja tu: jiue.

Mamangu aliweka chini kijiko cha kupakulia. "Yuapija hodi, amwambia mwenye nyumba ajiuwe?"

"Naam."

"Astaghfirullah! Basi mumemtia Izraili chupani!"

Tulicheka, wallahi tulicheka. Mimi nikapaliwa na wali, yeye akanipiga mgongoni huku machozi yanamtoka. Mamangu alikuwa na mzaha wa namna hiyo, mkali, na usoni haonyeshi kitu.

Alipotulia akauliza, "Na saratani ya titi je?"

"Hiyo hasa!" nikasema. Lo, nilivyofurahi kuulizwa. Nikamwambia seli zetu ni za mwanamke wa mbali aliyekuwa na saratani ya titi, mwenyewe alikufa zamani, na sisi tunazilea kwenye sahani ndogo zenye maji ya rangi ya waridi. Jioni tunazitonea tone la lile vumbi lililotiwa maji, asubuhi tunazikuta zimebanduka kwenye sahani, zinaelea zimekufa.

"Zote?"

"Karibu zote."

Akaniongeza samaki. Kisha akauliza inawekwa wapi, nikamjibu kwenye friza, tena ya baridi kali kuliko hii yake ya barafu za ukwaju, na kwamba ikiyeyuka mara mbili imeharibika. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaendelea kula.

Kila chupa ya protini ile imeandikwa kwamba ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu. Sikumwambia hilo. Wala sikumficha, Mungu ni shahidi. Kwangu lilikuwa jambo la wazi, kama vile mtu haambiwi asinywe mafuta ya taa.

Sasa ni lazima niseme namna watu wa kwetu walivyo, kwa sababu asiyewajua atamwona mamangu mjinga, na mjinga hakuwa. Kwetu mzazi hamuombi mwanawe. Ni aibu. Mwana huona mwenyewe, akileta ashukuriwe, asipoleta hasemwi. Miwani ya mamangu ilipovunjika hakuniambia imevunjika. Kwa miezi mitatu kwenye simu alikuwa akilalamika kwamba misahafu ya siku hizi yachapishwa herufi ndogo, hata anashangaa nani aliyewapa ruhusa. Mwezi wa tatu ndipo nilipong'amua, nikampelekea miwani, naye akashangaa kweli kweli, "Ala! Umeyuaje?" Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi naye. Yeye hutupa neno, mimi nalitafuta lilikoangukia. Nilijiona hodari sana wa kuyatafuta.

Baada ya Idi ile nikarudi kazini, na kila Ijumaa baada ya alasiri nikampigia simu kama kawaida yangu. Aliniuliza hali, akaniuliza mvua ya Nairobi, kisha akaniuliza, "Na wale wenu, wangali wakifa?"

Nikacheka. "Wanakufa, mama!"

"Alhamdulillahi."

Ijumaa iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata. Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikawasimulia wenzangu kazini kwamba nina mama Amu, hajasoma shule hata siku moja, lakini anafuatilia utafiti wetu kuliko wakubwa wetu. Kuna siku alisema, "Na serikali haiyatoa ruhusa?" Nikadhani anauliza ruhusa ya kuendelea na utafiti, kwa sababu nilikuwa nimemlalamikia habari za vibali na makaratasi yasiyokwisha. Nikamwambia, "Bado, mama, si unawajua." Akasema subira ni ufunguo wa faraja. Nikasema amina. Ningekuwa nimekatwa ulimi siku ile, ingekuwa heri.

Aliyeniambia ukweli ni binti wa mjomba wangu, kutoka Siyu. Mama alimchukua akae naye baada ya kuachwa na mumewe, na kwa kuwa mimi sikuwapo, yeye ndiye aliyekuwa mwana wa nyumba ile. Ni mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mpole, mtu wa kuinamisha macho. Alinipigia Jumanne asubuhi niko kazini. Nilijua kuna jambo, maana yeye hapigi simu.

"Dada," akasema, "mie hayakunihusu. Lakini shangazi titi limetumbuka."

"Limetumbuka vipi?"

"Kidonda. Latoka usaha. Mie namuosha kwa mai ya chumvi."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kidonda kina miezi kadhaa, na uvimbe wenyewe shangazi anao tangu kabla ya Idi ya mwaka jana, ile niliyokuja. Alikwenda kuonyesha hospitali pale Amu, akaandikiwa barua aende Mombasa akakatwe, na ile barua akaikunja akaitia ndani ya kasha chini ya nguo zake zilizofukizwa udi wa sandali.

Nilipiga kelele. Watu wa maabara waligeuka. "Na hakwenda kwa nini?"

Yule binti akashangazwa na swali langu, nilisikia hata kwenye simu. "Si angojea dawa yako?" akasema.

Nilipanda basi hadi Mokowe na boti hadi Amu, na njia nzima nilikuwa na hasira. Sitasema nilikuwa na huzuni. Huzuni ilikuja baadaye. Nilikuwa na hasira ya kumpasua mtu, nikajipangia maneno ya kumwambia, na nilipofika sikusema hata moja. Alikuwa amekaa kitandani, amejifunga leso mbili kifuani, ametia udi chumba kizima na chini ya udi harufu ile ipo. Alikuwa amekonda hadi bangili zake zimepanda karibu na kiwiko. Uso wake ukafunguka aliponiona, akaninyooshea mikono niende.

"Ndoo, ndoo mwanangu. Umechoka?"

Nikasema natafuta maji ya baridi kwanza, nikaenda kwenye friza nipate pa kupumulia. Ilikuwa friza yake ile ile ya barafu za ukwaju anazouza mlangoni. Chini kulijaa vifuko vya barafu na samaki. Lakini juu, lile tundu la juu lote, lilikuwa tupu. Limeoshwa, limetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Mbona huku juu hakuna kitu?" nikauliza.

"Hapo mahala pake," akasema kutoka kitandani. "Nimewakataza kutia samaki. Umekuya nayo?"

Maisha yangu yote, hilo ndilo ombi la kwanza mamangu kuniomba kwa mdomo wake. Alilisema kwa sauti ndogo, akatazama pembeni kwa haya.

Na mimi nikafanya nini? Nikafoka. Mungu anisamehe, nilimfokea mgonjwa. Nilimwambia hiyo si dawa, haijawahi kuwa dawa, ni kitu cha maabara, cha kutonea kwenye sahani! Ukimdunga mtu unaweza kumuua! Wengine huko ng'ambo wamejaribu kwa wagonjwa miaka na miaka na haikuwa kama kwenye sahani! Kwa nini hakuniuliza? Neno moja tu, kwa nini hakuniambia, mama nina uvimbe? Ningekuja siku ile ile, ningekubeba mgongoni hadi Mombasa!

Yule binti wa Siyu alikuwa ametoka kununua mkate, hakusikia. Tulikuwa wawili tu. Mamangu alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Ulisema wafa," akasema.

"Nilisema kwenye sahani, mama."

"Nami nilikuuliza kila Ijumaa. Ukanambia wafa."

Nikakaa chini, nikaweka kichwa kwenye godoro lake, nikalia kwa sauti kama mtoto. Akanishika kichwa. Baada ya muda akasema, "Basi. Lakini usiwambie wao."

"Wao nani?"

"Huyu mtoto, na wake wa mtaani. Nimewambia mwanangu ana dawa. Mwaka mzima nimewambia. Wakiyua haikuwapo watanicheka mie, na wewe watakuona muongo. Wambie serikali imekataa. Nipe ahadi."

Nikampa. Unadhani ningefanyaje? Ndiyo kwanza nimetoka kumfokea, na hakuna kingine nilichoweza kumpa.

Nilimpeleka Mombasa. Daktari, kijana mmoja wa bara, mstaarabu, alimwangalia, akasoma picha zake, akaniita nje kwenye benchi. Aliponiuliza kwa nini tulichelewa nikasema kwa sababu ya umbali. Akasema ugonjwa umeshafika kwenye mapafu na kwenye ini. Akasema, "Kama mngekuja na hii barua ilipoandikwa," halafu akaona uso wangu akaiacha sentensi hapo hapo. Tukapewa dawa za maumivu na tukarudi nyumbani. Ndani ya boti mamangu alinishika mkono, akanambia yule daktari ana sura nzuri, ila huenda mkewe hamlishi, maana mashavu yameingia ndani.

Wiki mbili nilikuwa naye, kisha ruhusa yangu kazini ikaisha na nikalazimika kurudi. Nilimwachia yule binti kila kitu. Yeye ndiye aliyemuosha kidonda asubuhi na jioni, akambadilisha leso, akampa uji kwa kijiko. Hakulalamika hata siku moja. Nilitaka kumwambia ukweli, wallahi nilitaka, hasa siku aliponisindikiza gatini akaniuliza, "Dada, kwani serikali kukataa ndiyo basi?" Lakini nilikuwa nimetoa ahadi. Nikasema, "Tumuachie Mungu." Jibu la kila kitu, na lenyewe halijibu kitu.

Kazini nilikuta sanduku jipya limefika, protini ile ile. Nikaifungua, nikaitia maji safi, nikaigonga kwa kidole taratibu maana haitikiswi, nikaigawa kwenye vichupa vidogo. Nitasema uongo nikisema sikufikiria kuiba kimoja. Nilikishika hadi ubaridi ukaniuma vidole. Nilijua kila kitu kuhusu kitu kile: uzito wake, usafi wake, mlango gani kinabisha. Nilijua pia zile seli zinazobaki baada ya "karibu zote." Hizo nilikuwa sijamwambia mama kwa sababu hazina raha kuzisimulia. Ujumbe unazifikia, mlango zinao, na hazifi. Nyingine hata huusoma kinyume, zikazidi kuzaana. Asubuhi ile nilizitazama kwenye darubini, zimeng'ang'ania sahani, zimenona, na nikazichukia kwa chuki ambayo sikujua mtu anaweza kuwa nayo kwa kitu kisicho na uso. Nikarudisha kichupa mahali pake, nikaandika tarehe na saini yangu.

Ijumaa nikapiga simu. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi. Hakuniuliza swali letu. Aliuliza mvua tu.

Alikufa siku kumi na moja baadaye, wakati wa adhuhuri. Nilikuta wameshamzika, kama ilivyo ada yetu, maiti haingojei mtu. Wanawake walijaa nyumbani, wakanikumbatia, wakalia nami. Kwenye kona nikamsikia mmoja akisema mficha maradhi kifo humuumbua, mwenzake akamkanyaga mguu. Hakuna aliyenitajia dawa. Nilishukuru. Niliona wamenistahi, na nikajiambia angalau heshima ya mamangu nimeilinda, maana hilo tu ndilo alilonitaka.

Siku ya tatu tukasoma khitima, watu wakala, wakaondoka. Tukabaki mimi na binti wa mjomba tunaosha masufuria uani. Jua lilikuwa kali, tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, yeye anasugua kwa jivu na mimi nasuuza. Nilimwambia Mungu amlipe kwa aliyomfanyia mamangu, kwa sababu kuliosha lile donda si kazi ndogo, na mimi mwanawe wa kumzaa sijui kama ningeiweza.

"Nilipenda kumuosha," akasema. Akasugua kidogo. Kisha, macho yako chini, akasema, "Dada, sasa kwa kuwa shangazi ameondoka, ile ruhusa ikitoka, dawa itakwenda kwa nani?"

"Dawa gani?"

Akajifuta mikono kwenye leso, akauchukua mkono wangu uliolowa, akaupitisha chini ya kwapa lake akaubonyeza pembeni ya titi. Nililisikia mara moja. Gumu, dogo, kama kokwa ya tende.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

Nilihesabu miezi kimoyomoyo. Miezi yote ile alipokuwa akimuosha mamangu. Kila asubuhi na jioni alikuwa akiona mwisho wake mwenyewe na kuufuta usaha, na hakusema kwa mtu.

Ahadi yangu niliivunja hapo hapo, sikungoja hata pumzi. Nikamshika mabega. Nikamwambia, sikiliza, hakuna dawa. Haikuwapo. Serikali haikukataa kitu, hakuna kilichoombwa. Ni vumbi la maabara, ni la kutonea kwenye sahani, mamangu alielewa vibaya na kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema. Hili lako ni dogo, limewahiwa, kesho asubuhi tunapanda boti mimi na wewe tunakwenda Mombasa likatwe. Kesho, si keshokutwa. Nilikuwa napayuka, povu linanitoka.

Alinisikiliza kwa upole wake ule ule. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko uvimbe.

"Nayua, dada," akasema. "Shangazi alituusia."

"Aliwausia nini?"

"Siku zake za mwisho, alipokuwa bado asema. Alitwita sote. Akasema, mwanangu hana makosa, msimuone mbaya kwa kutoniletea. Ni kiapo cha kazi yao, wamewafunga midomo. Akasema mkimuuliza atakana."

"Wallahi nakuapia hakuna dawa!" nikapiga kelele. "Nakuapia kwa Mungu mmoja!"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Akalivuta sufuria jingine, akachota jivu.

"Alisema utaapa pia," akasema. "Usijitese. Mie sina haraka, dada. Tangoja."